Mkulima achimbe, mji ulipe? Jinsi gharama za kuhifadhi udongo na maji zinavyogawanywa

Ekari moja yenye mteremko wa asilimia 20, yaani inayoshuka mita 2 katika kila mita 10, ni shamba la kawaida kabisa Murang'a au Nyeri. Mwenye shamba akitaka kuchimba fanya juu, yaani mitaro inayokatiza mteremko na udongo wake kutupwa upande wa juu, kwa kanuni ambayo maafisa wa kilimo wa Kenya wameitumia miaka mingi, hesabu inakwenda hivi: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, jumlisha 2, kisha zidisha kwa 0.3. Jibu ni mita 2.1, nayo ndiyo tofauti ya kimo kati ya mtaro mmoja na unaofuata. Kwenye mteremko huo, kushuka mita 2.1 ni kwenda mbele mita 10.5. Ekari ina mita za mraba 4,050 hivi. Zigawe kwa 10.5 na utapata mita 385 za mtaro. Ukichimba upana wa sm 60 na kina cha sm 60, udongo utakaoutoa ni mita za ujazo 139 hivi. Mtu mwenye nguvu, kwenye udongo usio na mawe, akitoa mita mbili za ujazo kwa siku amejitahidi. Basi ni siku 69 za jembe na sepetu kwa ekari moja. Zidisha kwa kibarua cha kwenu.

Na hapo hujapanda kitu. Tuta la udongo linahitaji majani ya kulishika, na ukipanda majani ya tembo (mabingobingo kwa Watanzania) kwa nafasi ya sm 30, mstari mmoja tu utameza vipando karibu 1,300. Kisha kuna ardhi yenyewe. Mtaro, kijia kinachoachwa kando yake na tuta, vikijumlishwa, huchukua kama mita 1.8 katika kila mita 10.5. Karibu sehemu moja ya sita ya shamba haitabeba mahindi tena.

Faida nazo hazifiki kwa wote kwa wakati mmoja. Mtaro unashika maji tangu mvua ya kwanza, lakini shamba linageuka ngazi baada ya misimu kadhaa, udongo ukijikusanya nyuma ya tuta kidogo kidogo, na mbolea iliyokuwa ikisombwa huonekana kwenye gunia baadaye zaidi. Mwenye mtambo wa kusafisha maji kule bondeni hahitaji kusubiri. Mvua ile ile ya kwanza inamletea maji yenye tope pungufu: shabu ya kugandisha tope haitumiki kwa wingi, vichujio havioshwi kila mara, bwawa halijai mchanga upesi. Aliyechimba anasubiri miaka, na ambaye hakushika jembe anafaidi msimu huo huo. Mipango ya kuchangia gharama, ambamo wanaofaidi kule chini humsaidia mkulima wa juu, imebuniwa kuziba pengo hilo la wakati. Ukiishika hoja hii, masharti yake mengi ambayo mara ya kwanza huonekana kama usumbufu yanaanza kuwa na maana.

Nairobi na milima yake

Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya. Sehemu yake ya juu, inayoteremka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, inaipa Nairobi karibu asilimia 95 ya maji yake. Bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, lililokamilika 1994, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Chini zaidi ni Masinga, la mwaka 1981, lililo juu kabisa katika msururu wa mabwawa ya umeme ya mto huo. Katikati ya vyanzo na mabwawa wanaishi wakulima wadogo ambao mashamba yao yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi ekari moja au nusu, na kila pembe inalimwa, hata ile ambayo ng'ombe anaogopa kuikanyaga.

Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiongozwa na shirika la The Nature Conservancy, pamoja na kampuni ya maji ya Nairobi, kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen, mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji na kampuni za vinywaji. Wazo lenyewe lilitoka Quito, Ecuador, ambako mfuko wa namna hiyo ulianzishwa mwaka 2000. Hoja iliyowaleta mezani ilikuwa ya kihasibu. Uchambuzi uliofanywa kabla ya uzinduzi ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumika milimani kwa miaka 10 zitaleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Faida hiyo si ya mji peke yake. Sehemu yake ni mavuno ya wakulima wenyewe, na kama isingekuwa hivyo mpango ungekuwa mgumu kuuza kijijini.

Mfuko haukuingia kila kijiji. Ulichagua vidakio vitatu (maeneo yanayokusanya maji ya mvua na kuyapeleka mtoni), Thika-Chania, Maragua na Sagana-Gura, na ndani yake haukutazama mashamba yote kwa jicho moja. Tope halitoki sawasawa. Shamba la chai lililofunga vizuri hutoa udongo kidogo hata kwenye mteremko mkali, kwa sababu tone la mvua linakutana na jani kabla ya ardhi. Mahindi au viazi kwenye mteremko unaoishia mtoni ni habari nyingine. Na kuna chanzo ambacho wengi hawakifikirii: barabara za udongo. Barabara isiyo na mitaro mizuri inakusanya maji ya mlima mzima na kuyamwaga mahali pamoja, mara nyingi juu ya shamba la mtu. Ndiyo maana jirani mmoja anaweza kuhudumiwa na mwingine ng'ambo ya kilima akakosa. Lawama za upendeleo huanzia hapo, na afisa asipokuja na ramani akaieleza wazi barazani, hakuna atakayemwamini.

Nani anatoa nini

Kwa kawaida mkulima anatoa ardhi, nguvu kazi na matunzo. Mfuko unatoa utaalamu wa kupima, mafunzo, miche, vipando vya majani, na mchango kwenye kile ambacho mkulima hawezi kukinunua kirahisi. Katika Tana ya juu, kitu hicho mara nyingi ni turubai zito la plastiki, laina kama linavyoitwa madukani, la kutandika ndani ya bwawa dogo la kuvunia maji ya mvua.

Laina inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayouvuta mpango mzima. Mtaro unamsaidia mtu wa mjini kwanza; bwawa linamsaidia mkulima kwanza. Mwenye bwawa anamwagilia sukumawiki na nyanya wakati wa kiangazi, bei ikiwa juu, bila kupeleka pampu mtoni, na mto nao unabaki na maji wakati mji unayahitaji zaidi. Kumpa mkulima laina kwa sharti la kuchimba mitaro ni biashara ambayo pande zote mbili zinaielewa.

Chukua bwawa la urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 juu, mita 5 kwa 3 chini, na kina cha mita 1.5. Kuta zake zimelala kwa nyuzi 45, na linabeba mita za ujazo 45, yaani lita 45,000. Kosa la kwanza hufanyika dukani: watu hununua laina kwa kupima mdomo wa shimo. Mita 8 kwa 6 haitatosha. Kila ukuta uliolala una urefu wa mita 2.1 na kidogo, kwa hiyo kwa upande wa urefu unahitaji 5 jumlisha 4.24, halafu nusu mita kila ncha ya kufukia kwenye kijitaro cha kushikilia kinachozunguka mdomo. Inakuja mita 10.25. Kwa upana, hesabu hiyo hiyo inatoa mita 8.25. Ongeza kidogo kwa ajili ya mikunjo. Laina ikipunguka, haifiki kwenye kijitaro, maji yanapita nyuma yake, ukuta unabomoka na bwawa linaanguka ndani.

Kosa la pili ni haraka. Mizizi iliyokatwa na jembe huacha ncha kali kama misumari. Zikatwe tena usawa wa ukuta, mawe yatolewe, kisha ukuta upakwe tope laini au utandikwe magunia kabla ya laina kuingia. Pale maji yanapoingilia, chimba kwanza shimo dogo la kunasa tope, la nusu mita hivi, na ulisafishe kila baada ya mvua kubwa, la sivyo baada ya misimu michache utakuwa na bwawa la matope lililotandikwa plastiki ya bei ghali. Na lazima kuwe na uzio. Kuta za laina huteleza mno, mtoto akitumbukia hana pa kushika. Kamba nene yenye mafundo, iliyofungwa kwenye nguzo na kuachwa ikining'inia hadi chini, iwepo wakati wote.

Kupima, kuchimba, na pale mambo yanapoharibika

Kupima kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, hakuhitaji mashine. Fremu ya A, ya miti miwili ya mita 2, kipande cha kukatiza na jiwe linaloning'inia kwa kamba, inatosha. Isimamishe, weka alama pale kamba inapokata kipande cha katikati, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukishapigilia vigingi shamba zima, rudi nyuma uutazame mstari na ulainishe kona kali. Anayekifuata kila kigingi kwa uaminifu atapata mtaro unaopindapinda ambao hakuna jembe la ng'ombe linaloweza kulima kando yake.

Udongo hutupwa upande wa juu, ndiyo fanya juu, na kati ya mtaro na tuta uache kijia cha sm 15 hadi 30 ili udongo usirudi shimoni. Fanya chini, ambapo udongo hutupwa upande wa kushuka, ni kazi nyepesi zaidi kwa mgongo, lakini shamba halijijengi ngazi kwa namna ile ile. Kwenye udongo unaonyonya maji vizuri mtaro huwa sawa kabisa na ncha zake hufungwa. Kwenye mfinyanzi, au penye mvua nyingi, upewe mwinamo mdogo wa sm 25 hadi 50 kwa kila mita 100, umwage maji kwenye njia iliyopandwa nyasi. Njia hiyo iandaliwe msimu mmoja kabla ya mitaro, nyasi zishike. Wengi wanaichimba mwisho, na mvua ya kwanza inaigeuza korongo.

Kazi ianzie juu ya shamba. Kama kuna maji yanayotoka barabarani au kwa jirani wa juu, chimba kwanza mtaro mkubwa wa kuyakinga na kuyageuzia njia salama. Fanya juu haikupigiwa hesabu ya kupokea mvua ya mlima mzima; imepigiwa hesabu ya mvua inayoangukia zile mita kumi zilizo juu yake. Mtaro wa juu ukipasuka, maji yake yote yanaufikia wa pili kwa mkupuo, wa pili unapasuka na kuukabidhi wa tatu. Shamba lililopimwa vibaya linaweza kuharibika kuliko ambalo halikupimwa kabisa, kwa sababu sasa maji yamekusanywa. Chanzo huwa kitu kidogo: sehemu moja ya tuta iliyo chini ya nyingine kwa sm 10, shimo la fuko, njia ya ng'ombe.

Majani ya tembo nayo yana tabia yake. Hunyang'anya mahindi ya mstari wa karibu maji na mbolea, na mkulima akiona mstari huo umenyauka huanza kung'oa majani. Dawa ni kuyakata yafikapo mita moja hivi, ukiacha kisiki cha sm 10, wala usiyaache yakageuka kichaka. Wakati wa ukame shida ni kinyume: ng'ombe wana njaa, majani yanakatwa hadi kwenye mizizi, na mvua inakuta tuta limevuliwa nguo. Kila kabla ya msimu, tope lililojaa mtaroni lizolewe na kurudishwa juu ya tuta. Kazi hii kwa kawaida haimo katika bajeti ya mpango. Ni ya mkulima, mwaka hadi mwaka, na ndiyo sababu mitaro mingi iliyopigwa picha siku ya uzinduzi haipo tena.

Fedha, vocha au vifaa?

Naivasha walijaribu njia nyingine. Huko maji ya ziwa hutegemea mto Malewa na vijito vyake, na wanaoyahitaji chini ni pamoja na mashamba makubwa ya maua. Kwa usimamizi wa mashirika ya WWF na CARE, watumia maji wa ziwani waliwalipa wakulima wa Wanjohi na Turasha ya juu, kupitia jumuiya zao za watumia maji, kwa kuacha kulima ukingoni mwa mto, kupanda mikanda ya nyasi na miti. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2010 kama vocha ya pembejeo ya dola 17 kwa mwaka, ambayo kwa kiwango cha wakati ule haikufika shilingi 1,500 za Kenya.

Ukiilinganisha na siku 69 za jembe, fedha hiyo ni ya kuchekesha. Lakini mkanda wa nyasi si fanya juu. Unapandwa kwa siku chache, na nyasi zenyewe ni lishe kwa wafugaji wa maziwa wa Nyandarua. Vocha ilikuwa kisukumo tu kwa jambo lenye faida yake. Somo lililo ndani yake ni la hesabu: mchango mdogo unatosha pale ambapo kazi ni nyepesi na faida iko karibu, na hautoshi hata kidogo mahali pa kuchimba. Mpango unaolipa kiwango kimoja kwa kazi zote utapata mikanda mingi ya nyasi na mitaro michache.

Uluguru, Tanzania, mashirika hayo hayo yalianza mpango wao mwaka 2006 kwenye kidakio cha mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Wanunuzi wa huduma hiyo, yaani waliotoa fedha, walikuwa shirika la maji la Dar es Salaam, wakati huo DAWASCO, na Coca-Cola Kwanza, na mkulima alilipwa kwa eneo aliloliwekea matuta, miti au nyasi. Kulipa kwa eneo kunaonekana haki hadi uangalie nani ana eneo. Mwenye ekari tano anapata mara kumi ya mwenye nusu ekari, ilhali mwenye nusu ekari ndiye anayelima pale penye mteremko mkali zaidi, kwa kuwa hana pengine.

Uluguru ina sababu yake ya kushuku habari za matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye udongo mwembamba. Udongo wa chini usio na rutuba ulitokeza juu, mavuno hayakuja, na mwaka 1955 watu walifanya ghasia hadi mpango ukaachwa. Murang'a nako, mwaka 1947, wanawake walikataa kazi ya shuruti ya matuta. Afisa anayefika kwenye vijiji hivyo na neno «lazima» anazungumza na watu ambao bibi zao walishalijibu.

Marekani, ambako mtindo huu ni wa zamani zaidi, lazima yenyewe imefungwa ndani ya mkataba. Huduma ya kuhifadhi udongo ya serikali kuu ilianzishwa 1935, wakati wa dhoruba za vumbi, na mpango mkubwa wa leo wa kuwachangia wakulima gharama, EQIP, ulitokana na sheria ya kilimo ya 1996. Hulipa hadi asilimia 75 ya gharama, na hadi 90 kwa makundi kadhaa, wakiwemo wakulima wapya ambao hawajazidisha miaka 10 kwenye kazi, jambo linalowahusu pia Wakongo na Warundi waliohamia kule na kuanza kulima. Kuna mitego miwili. Malipo hupigwa kwa gharama iliyokadiriwa kwa kila mita au ekari, wala si kwa risiti zako, kwa hiyo mwenye shamba la mawe hubeba tofauti. Na anayeanza kazi kabla ya mkataba kutiwa saini hupoteza malipo ya kazi hiyo. Fedha hutoka baada ya ukaguzi, ingawa makundi hayo yanaweza kupata nusu mapema ya kununulia vifaa, itumike ndani ya siku 90. Kila kazi ina umri wake: uzio miaka 20, matuta 10, mazao ya kufunika udongo mwaka mmoja. Ukiivunja kabla ya umri huo unaweza kudaiwa fedha. Jimbo la Missouri limekwenda mbali zaidi: tangu 1984 wapiga kura wake wameidhinisha kodi ya mauzo ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja, nusu kwa hifadhi za jimbo na nusu kwa udongo na maji. Mchango wa kule hautegemei hisani ya mfadhili anayeweza kuondoka, na hapa ndipo mipango mingi ya Afrika Mashariki ina kidonda.

Kabla ya kuweka dole gumba

Soma kwanza kifungu cha ukingo wa mto. Kenya, kanuni za maji zinatenga mita 6 hadi 30 kutoka maji yanapofika yakijaa. Tanzania, sheria inasema mita 60. Kwa mwenye kishamba cha mita 40 kutoka barabarani hadi mtoni, 60 maana yake ni shamba lote, na mpango unaodai sheria ifuatwe bila kutoa chochote badala yake utapata saini na hautapata utekelezaji. Uliza pia unachoruhusiwa kuvuna kwenye ukanda huo: nyasi za kukata, mianzi, matunda. Mikaratusi isiwe mojawapo, hunywa mno.

Kisha kuna hatimiliki. Sehemu kubwa ya mashamba ya milimani bado imeandikwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na wajukuu wanalima kwa makubaliano ya mdomo. Mipango mingine hukubali barua ya chifu au ya serikali ya kijiji na saini za ndugu. Mingine hukwama hapo hapo. Mpangaji ana shida zaidi, kwa kuwa anachimba mtaro wa miaka kumi kwenye shamba alilolikodi kwa misimu miwili. Akubaliane na mwenye shamba kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kuhusu muda wa kukaa, nani atazoa tope kila msimu, nani atakata majani ya tembo, na akiondoka, laina itabaki kwa nani.